Vidole Vitano Chini ya Mkwaju

Ikutha,
14 Januari 1973

Dada Mbinya,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, mbuzi ni wazima, na yule jogoo wako mkorofi uliyeniachia amekufa kwa uzee. Nimemla bila kumwaga chozi. Muthoki anaendeleaje na kile kikohozi? Mwambie mjomba wake anamdai wimbo.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Barua hii itapita mikononi mwa watu kabla ya kufika kwenye lori la Mzee Abdulkadir, na wengi wa huku wanasoma Kikamba cha Biblia tu. Wakiifungua watachoka kwenye mstari wa pili.

Jambo lenyewe ni hili. Mizinga mitatu ya Mzee Kivuva, ng'ambo ya mto Tiva, imeliwa asali. Miwili iliangushwa ikapasuliwa, masega yakatapakaa chini na siafu wakayamaliza. Chini ya miti hiyo nimeona nyayo mwenyewe. Zina vidole vitano, na kucha za mbele zimechoma mchanga mbali kabisa na vidole. Mbwa ana vidole vinne, fisi ana vinne, hata chui ana vinne. Nilimkumbuka baba alivyotufundisha, nikasema huyu ni nyegere. Tangu baba afariki sijasikia mtu akisema amemwona nyegere pande hizi.

Shida ni mzinga wa tatu. Huo haukuanguka. Ulifunguliwa juu ya mti, asali ikatolewa, kisha kifuniko kikarudishwa na kuzibwa vizuri kwa kinyesi cha ng'ombe. Mzee Kivuva alisimama hapo akasema, "Mnyama huvunja. Mnyama hazibi."

Kibaya zaidi, mizinga yetu kumi na mmoja aliyotuachia baba iko pori lile lile, na hakuna hata mmoja ulioguswa. Nyegere gani huyo anayepita mizinga ya Ndululu na kuchagua ya Kivuva? Wewe unajua wizi wa asali kwetu ni kitu gani. Mtu aliyeiba ng'ombe anaweza kusamehewa, lakini aliyepanda mti wa mwenzake huwa hasahauliki. Tayari wameanza kunipisha njiani.

Hapo Kiboko, kwenye kituo chenu cha utafiti, kuna watu waliosoma mambo ya pori. Waulize kama nyegere anaweza kufungua mzinga bila kuuvunja. Nijibu haraka.

Mimi mdogo wako,
Musembi


Kiboko,
20 Januari 1973

Mdogo wangu Musembi,

Barua yako ilifika Alhamisi. Habari ya jogoo nimeisikia na sijakusamehe. Muthoki amepona kabisa, anakimbia ovyo hapa kwenye nyumba za wafanyakazi na wimbo wako ameshausahau.

Musembi, usiwe na wasiwasi. Ni nyegere. Nimemuuliza Mzee Mutie, anayetunza vipimo vya mvua hapa kituoni. Kabla ya kuja huku alikuwa askari wa wanyama miaka kumi na minane. Anasema katika miaka yote hiyo amemwona nyegere mara nne tu, lakini nyayo zake ameziona kila wiki. Huyo ni mnyama wa kuacha habari na kuondoka. Ngozi yake imelegea, ukimshika shingoni anageuka ndani ya ngozi yake mwenyewe na kukuuma. Mgongo ni mweupe wa majivu, tumbo jeusi. Anapanda miti, anatumia mikono kama mtu, na Mzee Mutie aliwahi kukuta amefungua komeo la banda. Kifuniko cha mzinga ni kitu gani kwake?

Nimekuwekea mchoro wa nyayo aliouchora yeye mwenyewe, wa mbele na wa nyuma. Anashauri upepete majivu uyamwage chini ya miti, halafu upite kila asubuhi. Zile za Tiva ziache, mchanga mkavu hudanganya. Kama atarudi kwenye ule mkwaju utapata nyayo safi, na utamwita Kivuva aje aone kwa macho yake. Kuhusu kinyesi cha ng'ombe, labda mzee mwenyewe aliuziba zamani akasahau. Wazee husahau.

Usikubali kuitwa mwizi. Wewe huwezi kuiba, na mimi najua huwezi.

Hapa ni kazi tu. Nachapa taarifa za nyasi kuanzia asubuhi hadi vidole vinakufa ganzi. Kama mvua haitanyesha mwezi wa tatu, sijui nyasi hizo watazitoa wapi.

Dada yako,
Mbinya


Ikutha,
30 Januari 1973

Dada Mbinya,

Asante kwa mchoro. Nimeuonyesha kwa wazee wawili na wote wamekubali kwamba ni yeye. Mzee Kivuva hakutaka hata kuushika. Alisema karatasi haijawahi kupanda mti.

Nilifanya kama Mzee Mutie alivyosema. Nilimwaga majivu chini ya miti yote mitatu. Kwenye ile miwili ya mizinga iliyovunjwa hakuna kilichokuja. Kwenye mkwaju anakuja kila siku. Nyayo zinatoka mtoni, zinafika chini ya mti, na zinauzunguka. Nilihesabu mizunguko saba nikaacha. Hapandi, Dada. Gome halina alama ya ukucha hata moja. Mzinga ule ni mtupu, nyuki hawajarudi, na bado anauzunguka, halafu anakaa. Mahali anapokaa majivu yamelainika, na ukikaa hapo ukatazama juu unaona mzinga peke yake.

Ngoja nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Jumatano nilitoka pale saa nne asubuhi, nikaenda kuangalia mizinga yetu, nikarudi kwa njia ile ile saa sita. Njiani nikaona nyayo za asubuhi za viatu vyangu vya akala. Ndani ya kila unyayo wangu, katikati kabisa, kulikuwa na wake. Si mmoja wala mbili, njia yote. Alikuwa amenifuata nyuma mchana mweupe akikanyaga pale nilipokanyaga, na sikusikia hata jani. Nilisimama nikageuka. Hakukuwa na kitu, ila ile harufu yake mbaya ilikuwa palepale, mbichi. Sioni aibu kukuambia kwamba nilikimbia.

Jumapili nilipotoka kanisani nikazikuta nyayo zake uwanjani kwetu. Zimepita zizi la mbuzi bila kusimama. Zimepita banda la kuku, jambo ambalo nyegere mwenye akili hafanyi. Zimeenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa kile chumba ulicholala Desemba na Muthoki, na hapo mchanga umelainika kama kule chini ya mkwaju. Mbwa alikuwa amelala hatua kumi kutoka hapo na hakuwa amebweka. Mpaka leo hataki kupita upande huo wa nyumba.

Sasa watu wanasema mimi namfuga, kwamba namtuma kwa Kivuva na anarudi kwangu kula. Mzee Kivuva amekwenda kwa wazee wa ukoo kudai kiapo cha kithitu. Siku imewekwa, Jumamosi tarehe 24 Februari. Nitasimama mbele ya kile kitu na kuapa kwamba si mimi, wala yeyote aliyezaliwa na Ndululu, wala yeyote aliyetoka tumboni mwa watoto wake, aliyekula asali ya Kivuva. Ndivyo wanavyotaka maneno yawe, nyumba nzima. Aliyeapa uongo hamalizi miezi saba akiwa hai, na kithitu hakichagui nani wa kuanza naye katika nyumba hiyo.

Mimi sina hofu, mikono yangu ni safi. Mchungaji atanikunjia uso, lakini nitatubu baadaye. Wewe unaonaje?

Kitu kingine kidogo. Sikumbuki kama nilikuambia kwamba mti ule ni mkwaju. Labda nilikuambia.

Musembi


Kiboko,
8 Februari 1973

Musembi,

Usiape. Nakuomba kwa jina la Yesu, usiape kithitu. Tumeokoka sisi. Mama yetu alikataa mambo hayo hadi kaburini, na wewe unataka kusimama mbele ya kitu cha shetani kwa sababu ya asali? Waambie wazee wewe ni Mkristo na ndiyo yako ni ndiyo. Kama hawataki, basi, waache wakuseme. Maneno hayavunji mfupa.

Mkwaju uliniambia wewe katika barua ya kwanza. Isome tena.

Mambo ya nyayo kuja mlangoni usiyaandike tena. Sipendi. Mnyama anatafuta maji, kumekauka, basi.

Mzee Abdulkadir alipoleta barua yako alinionyesha kitu. Alikuwa amebeba magunia ya saruji, na vumbi lake lilikuwa limetanda nyuma ya lori. Katikati ya vumbi hilo kulikuwa na nyayo, kutoka mlango wa nyuma hadi pale anapoweka mfuko wa barua. Alicheka akaniuliza kama Wakamba siku hizi wanasafirisha wanyama bila nauli. Mimi pia nilicheka.

Siku mbili baadaye Muthoki aliniambia kuna mbwa mzee mwenye blanketi jeupe mgongoni anayekaa kwenye ua saa ya chakula cha mchana. Nikamwambia hakuna mbwa wa hivyo. Akasema, "Hanitazami mimi, mama. Anatazama mlango." Nilikwenda kuangalia kwenye udongo niliochimba kupanda sukuma wiki. Musembi, mimi ninao mchoro wa Mzee Mutie kichwani, siwezi kukosea.

Nimemwita Mzee Mutie. Alipiga magoti, akapima kwa kidole, akasema ni yeye, ni mzee, na amekaa sana mahali pamoja. Halafu akaniuliza kama nafuga nyuki. Nikasema mimi ni mwanamke, nyuki nitawajulia wapi.

Usiape.

Mbinya


Ikutha,
15 Februari 1973

Dada,

Nimeisoma tena barua ya kwanza, kama ulivyoniambia. Huwa naandika kwanza kwenye daftari kabla ya kunakili, kwa hiyo ninayo hapa. Sikuandika jina la mti.

Sijakasirika. Nataka uelewe hali ilivyo. Kukataa kithitu ni kukiri. Nilimweleza Mzee Kivuva mambo ya wokovu na alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema mwizi yeyote angependa dini ya namna hiyo. Baba yake Kalondu amenitumia ujumbe kwamba harusi itasubiri hadi tarehe 24 ipite. Kalondu mwenyewe nilikutana naye sokoni, akaangalia sukari niliyoshika badala ya kuniangalia usoni.

Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja, na nakuomba usinijibu kwa Biblia. Desemba, ile wiki niliyopeleka mbuzi Kitui, Muthoki alikuwa anakohoa sana. Niliporudi nilikuta anakunywa maji ya moto na asali. Uliniambia umenunua kwa mama mmoja sokoni, na sikufikiria zaidi. Ile asali uliipata wapi?

Ukiniambia uliinunua, nitakuamini na nitaapa. Nitasimama wima nitamke jina la nyumba yetu yote, lako na la Muthoki, na nitakwenda kulala. Ukiniambia vingine, nitajua la kufanya. Abdulkadir atapita kwako Jumanne tarehe 20 akija huku. Mpe jibu. Hata neno moja linatosha.

Musembi


Kiboko,
19 Februari 1973

Musembi ndugu yangu,

Nilipanda mimi.

Nimeandika mstari huo mara tano na kuchana karatasi. Sasa nitaandika yote kabla sijapata akili ya kuacha.

Ulikuwa umekwenda Kitui. Mtoto alikohoa siku tatu mfululizo hadi midomo ikabadilika rangi. Dawa ya zahanati ilikuwa imekwisha, na sokoni asali haikuwepo hata tone. Nilikumbuka mkwaju wa ng'ambo ya Tiva. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpelekea baba uji pale, nikisimama mbali kama mtoto wa kike anavyotakiwa, nikiangalia anavyopanda. Nilisema moyoni, ni mzinga wa baba, ni wa kwetu, na mwenye mzinga hawezi kumnyima mjukuu wake. Nilitoka saa tano mchana watu wakiwa mashambani. Nilichukua moto kwenye kopo, kisu chako, na kinyesi kibichi kwenye jani.

Najua mwanamke hapandi. Najua wanavyosema, kwamba nyuki wakishikwa na mkono wa mwanamke wanahama na hawarudi kwenye tawi hilo. Ndiyo maana nilikudanganya. Niliona aibu, nikafikiri ni jambo la mimi na Mungu.

Nilipofika juu niliangalia chapa kabla ya kufungua. Niliiona vizuri, mistari miwili na duara, chapa ya Ndululu. Nilifurahi hata nikaigusa. Tangu barua yako ya kwanza nimekuwa nikijiuliza, na juzi nilimuuliza Mzee Mutie bila kutaja majina. Aliniambia watu wa ukoo mmoja wana chapa moja, na kila mtu huongeza mstari wake upande wa juu, mahali ambapo mvulana huonyeshwa na baba yake siku ya kwanza anapopanda. Mimi sikuwahi kuonyeshwa. Hakuna msichana anayeonyeshwa. Kumbe mstari wa Kivuva ulikuwa juu ya mzinga, na mimi nilisoma upande wa chini peke yake.

Kuna jambo jingine. Nyuki hawakuniuma. Nilishangaa kwa nini wamenyamaza. Nikatazama chini, na yeye alikuwa amekaa pale. Mgongo mweupe, uso mweusi, ametulia kama mtu aliyekuja na mimi. Nilimrushia kaa la moto, hakusogea. Nilimrushia fimbo. Mwisho nikamrushia sega, akala polepole bila kuondoa macho, nikapata nafasi ya kuziba kifuniko. Niliteremka upande wa pili nikakimbia. Nilipogeuka alikuwa bado anatazama mzinga. Nafikiri alianza kuivunja ile mingine kwa sababu ya lile sega langu. Au sijui. Labda mimi nataka tu awe na sababu.

Usiape. Ukiapa unamtaja Muthoki.

Mbinya

Ijumaa, tarehe 23. Musembi, nisamehe. Jumanne lori lilisimama hapa saa nzima. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu na mkono wangu ukiwa juu yake, na Abdulkadir aliniuliza kama nina mzigo wa Ikutha. Nikasema sina. Nilifikiri labda utakataa tu mwenyewe, na mimi sitahitaji kusema. Leo nimempata dereva wa lori la mahindi aliyeniambia anafika Ikutha kesho jioni. Kesho jioni mtakuwa mmemaliza. Nimempa hivyo hivyo.


Ikutha,
27 Februari 1973

Dada Mbinya,

Barua yako ilifika Jumapili. Nimeisoma na nimeichoma, pamoja na daftari langu. Hii pia ichome.

Jumanne Abdulkadir aliponiambia hukumpa kitu, nilielewa. Wewe huwa hukosi la kusema. Kama ungekuwa umeinunua ile asali, ungenijibu kurasa nne na matusi juu yake.

Nikueleze ilivyokuwa Jumamosi. Walikuja wazee tisa. Kithitu kililetwa kimefunikwa na kuwekwa chini, mbali na boma la mtu, na kila mmoja alisimama upande ambao upepo unaokipita haumfikii. Sitakuambia kikoje. Mzee Kivuva alinyoosha fimbo akaniambia niseme yale maneno. Nilifungua mdomo. Nilifika kwenye jina la baba, na nikamwona Muthoki akinywa yale maji ya moto kwa mikono miwili. Nikaacha kiapo katikati. Halafu nikasema, "Msikisumbue hicho kitu. Asali nilikula mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonishinda, kwamba hawakushangaa. Mzee Kivuva alikaa chini akafunika uso wake kwa kofia. Alikuwa anampenda baba.

Mizinga ya baba imeshushwa yote. Jana waliipanga kwenye uwanja wa Kivuva, na niliamriwa nikwangue chapa mimi mwenyewe kwa tezo, mmoja baada ya mwingine. Nilifanya. Kalondu hatakuwa mke wangu, nimesikia kwa watu. Nimeambiwa pia nisikanyage ng'ambo ya Tiva. Binamu yake Abdulkadir, Bwana Othman, ana duka Migwani na anahitaji mtu wa stoo. Nitaondoka wiki ijayo. Migwani hakuna anayenijua, na stoo haina nyuki.

Sasa sikiliza. Usije. Usiseme kitu kwa mtu yeyote. Ukisema, utakuwa mwanamke aliyepanda mti, mwizi wa ukoo wake, na mimi nitakuwa mwongo mbele ya kithitu. Acha liishie kwangu. Mimi ni mwanamume peke yangu, sina mtoto.

Jana nilipita chini ya mkwaju mara ya mwisho, kabla ya marufuku. Majivu yangu yapo bado. Hakuna unyayo, hata mmoja, tangu Jumamosi. Nilifikiri nitafurahi. Nilikaa pale anapokaaga, na nikajikuta namngoja. Nadhani alikuwa hanitafuti mimi, Dada. Kama umeshamwona tena huko kwako, usiniambie.

Mdogo wako,
Musembi


Kiboko,
4 Machi 1973

Kwa Baba Kivuva, Ikutha

Baba,

Barua hii nimempa Mzee Abdulkadir akusomee, mbele ya wazee tisa waliokaa Jumamosi ile. Nimemchagua yeye kwa sababu si wa ukoo wetu na hataruka neno kwa kunihurumia. Ameahidi kuligeuza kila neno kwa Kikamba.

Mimi ni Mbinya, binti wa rafiki yako Ndululu. Musembi hakula asali yako. Alidanganya mbele yenu kwa ajili yangu, na ameniamuru ninyamaze. Nimenyamaza siku nyingi, ninajua kunyamaza. Siku ya kiapo nilikuwa na jibu mfukoni na sikulitoa, na mdogo wangu akakwangua chapa ya baba yetu kwa mkono wake. Sitaki kuwa mtu huyo tena.

Mwezi wa Desemba, mchana, nilipanda mkwaju wako nikafungua mzinga nikitafuta dawa ya mtoto. Niliona mistari miwili na duara nikajua ni wa baba. Mstari wako wa juu sikuuona kwa sababu sikujua kuna kutazama juu. Nilijua napanda mahali ambapo mwanamke hapandi. Sikujua naiba. Yote mawili ni yangu. Sega moja nilimtupia mnyama, na mizinga yako miwili aliyoivunja baadaye iweke kwangu pia.

Sikuombi unionee huruma, lakini nitakuambia kwa nini naandika leo. Tangu Jumamosi ile nyayo zimehamia hapa. Zilikuwa uani, halafu zikawa barazani. Leo nilipotoka kanisani mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kama nilivyouacha. Nilifungua. Sakafu nilikuwa nimeimwagia majivu asubuhi, sijui nilikuwa natafuta nini. Zilikuwa ndani. Zimepita jikoni, zimepita kitanda changu, na zimekaa kando ya kitanda cha Muthoki, hapo ambapo mtu hukaa akimngoja mgonjwa. Mtoto ameanza kukohoa tena.

Nakuja Ijumaa kwa lori. Muthoki nitamwacha Kibwezi kwa Esha, mke wa Abdulkadir, asikanyage uwanja wenu. Kama mtakileta kithitu, nitaapa kwa jina langu peke yangu, na naomba wazee wayakubali maneno hayo: si nyumba ya Ndululu, si waliozaliwa naye, wala aliyetoka tumboni mwangu. Mbinya tu. Mrudishie Musembi mizinga ya baba yake, na mwambieni Kalondu ukweli kabla hajaolewa na mtu mwingine.

Nikifika nitasimama nje ya uwanja wako hadi uniite. Ukiniita nitasema haya yote tena kwa mdomo wangu, kwa sauti, watu wote wasikie.

Mimi niliyepanda,
Mbinya wa Ndululu